Pemba, Menai, Lamu, Kilifi au Mafia? Kuchagua pa kwenda na boti ya tanga

Uzuri hautakusaidia kuchagua, kwa sababu pwani yetu ni nzuri kote. Picha ya Shela kule Lamu, ya Misali ya Pemba, ya Chole ya Mafia, zote zina maji ya zumaridi na mchanga mweupe, na hakuna hata moja inayokuonyesha mkondo. Watu huniuliza, "Wapi pazuri zaidi?" nami huwarudishia maswali mawili: unakwenda mwezi gani, na mkuku wa chombo chako, ule uti wa chini kabisa, unazama kiasi gani? Ukishanijibu hayo, nusu ya orodha inajifuta yenyewe.

Mimi natokea Tanga. Chombo changu ni cha mbao, futi 24, na mkuku wake unazama mita moja na nusu. Kwa matajiri wa Msasani ni kiboti tu, lakini kwa fungu la mchanga ni meli. Basi hukumu ninazotoa hapa ni za mtu mwenye mkuku. Mwenye katamarani au ngalawa, vyombo visivyozama sana, apunguze hofu zangu kwa nusu.

Upepo na maji, kabla ya kutaja kisiwa chochote

Kaskazi inavuma Desemba hadi Machi: nyepesi, mbingu safi, bahari imelala. Kusi inashika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na Juni na Julai ina nguvu za kumfanya nahodha mzoefu apunguze tanga kabla ya saa tano asubuhi. Katikati kuna tangambili, hasa Oktoba na Novemba, upepo unapolegea na kugeukageuka, na maji yanakuwa angavu kiasi kwamba unaiona nanga yako ilivyolala chini. Masika yakija mimi nakipandisha chombo pwani nikakipaka rangi. Sioni sifa ya kulowa bure.

Halafu kuna jambo ambalo wageni hawalihesabu. Maji ya pwani hii, kutoka Mtwara hadi karibu na Malindi, yanakwenda kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma yanakimbia; kaskazi ikivuma yanatembea. Ukielekea kusini mwezi wa Julai unapigana na wawili kwa pamoja. Nimewahi kukaa saa nzima nikibisha, yaani nikienda kombo kombo dhidi ya upepo, matanga yote juu, omo ya mbele inapasua mawimbi, sote tumelowa chepechepe, na mnazi ule ule wa pwani uko pale pale ubavuni kwetu.

La tatu ni bamvua, maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Bamvua kubwa hupandisha na kushusha maji karibu mita 4, wakati maji mafu, ya nusu mwezi, hayafiki hata nusu ya hapo. Na bamvua ina saa zake: maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, yakapwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Iweke akilini hiyo saa nne ya usiku. Nitairudia kwa aibu.

Pemba magharibi au Ghuba ya Menai

Hapa ndipo ninapoulizwa zaidi, maana kote kuwili ni Zanzibar na kote kuna visiwa vidogo vya kurukaruka kutoka kimoja hadi kingine. Ila bahari zake hazifanani. Unguja iko kwenye maji mafupi, ilikuwa imeshikana na bara enzi bahari ilipokuwa chini zaidi. Pemba imetengwa na bara kwa kilindi cha mamia ya mita. Kwa mwenye nanga, tofauti hiyo inakuja hivi: Pemba unahangaika kupata mahali pafupi pa kutosha kutia nanga, Menai unahangaika kupata mahali parefu pa kutosha kupita.

Upande wa magharibi wa Pemba umezungushiwa mnyororo wa visiwa: Njao, Fundo, Uvinje, Kokota. Kati yake kuna milango myembamba kwenye mwamba, na ukishapenya ndani unakuta kama ziwa. Kusi inapiga mashariki ya kisiwa, wewe uko upande wa pili umekingwa. Wakati wa mavuno, karafuu zikiwa zimeanikwa majamvini, upepo huo huo unakuletea harufu yake hadi chomboni, na usiku ukilala sitahani unaisikia kuliko chumvi.

Milango hiyo haitaki haraka. Unaingia ukielekea mashariki, kwa hiyo jua linatakiwa liwe nyuma yako na bado liko juu: kuanzia saa saba mchana hadi saa tisa. Mtu mmoja apande mlingotini na asome rangi. Buluu iliyoiva, pita. Kijani, punguza mwendo. Kahawia, geuka sasa hivi, maswali baadaye. Nimeona boti zenye ramani za kisasa kwenye skrini zikitegemea mstari wa kompyuta saa kumi na moja na nusu jioni, jua limewachoma machoni mabaharia walipogeuka kuangalia nyuma, na mbele maji yote yamekuwa rangi ya fedha. Wakati huo hata mzaliwa wa Wete hasomi kitu.

Misali ni kisa kingine. Ukuta wa matumbawe unashuka ghafla: nanga imekaa kwenye mita 6, upepo unageuka kidogo, na tezi yako, nyuma ya chombo, inaelea juu ya shimo usiloona mwisho wake. Ni eneo la hifadhi, lina ada, na lina sehemu isiyoruhusiwa kuvuliwa kabisa. Wapemba husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba mswala, akakosa, akasema basi kisiwa chenyewe kitakuwa mithili ya mswala wake. Ukikitazama kutoka baharini utaona kimelala kuelekea kaskazini, kwenye kibla. Mimi hupita mchana, naogelea, kisha narudi kulala ndani ya Fundo.

Kufika Pemba ndiyo bei yenyewe. Mara ya kwanza nilitoka Tanga alfajiri ya mwezi wa Julai nikilenga mlango wa Fundo, ulioko karibu mashariki moja kwa moja. Nilishikilia dira kama mtoto wa chuo anavyoshikilia juzuu. Mchana Pemba ikajitokeza, lakini kilichokuwa mbele yangu ni mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini kabisa. Mkondo ulinibeba bila kuniaga. Siku hizi nashuka kwanza hadi Pangani, nalala, kisha navuka nikiwa na mtaji wa maili za kusini, upepo ukiwa ubavuni na mkondo ukinifanyia kazi.

Menai sasa. Iko kusini magharibi ya Unguja, ni eneo la hifadhi tangu 1997, na ndani yake kuna Kwale, Pungume, Uzi na vifungu vya mchanga vinavyozaliwa na kufa mara mbili kwa siku. Kutoka Fumba hadi Kwale ni mwendo wa kunywa chai. Kwale kuna mbuyu ulioanguka na bado unaishi, watoto wanaupanda kama ngazi. Mchana kunajaa majahazi ya watalii na moshi wa kamba wa kuchoma. Ikifika saa kumi jioni wote wameondoka, na kisiwa kinabaki chako na cha kunguru.

Hapo ndipo yalipo masaibu yangu. Nilitia nanga nyuma ya Kwale saa kumi jioni, mwezi mpevu, nikapima nikapata mita 3. Nikasema tosha, mkuku wangu ni mita moja na nusu. Nikatoa hesabu ya maji yaliyopo nikasahau ya yatakayoondoka. Saa moja usiku nikasikia chini ya godoro sauti ya mtu anakuna nazi. Kruu. Kruu. Saa mbili chombo kikaanza kuinama, chupa ya chai ikabiringika na kujimwaga kitandani. Saa nne nilikuwa nimekaa juu ya ubavu wa nje wa chombo changu mwenyewe, mchanga mtupu pande zote, nikinong'ona hesabu ambayo ningeifanya saa kumi. Wakapita vijana wawili na taa wanatafuta pweza. Mmoja akasimama, akaniangalia kwa adabu zote:

"Shikamoo mzee. Umeegesha?"

"Marahaba. Nimeegesha."

Maji yalininyanyua saa saba usiku. Mwenye katamarani hapo angelala usingizi mmoja hadi asubuhi.

Kwa familia yenye watoto na kwa wanaojifunza, nachagua Menai, kwa chombo kisichozama sana na kwa siku za maji mafu. Maji ni mafupi, msaada uko karibu, na ukichoka Mji Mkongwe uko hapo juu. (Kulala na nanga mbele ya Forodhani kuna raha ya chakula, lakini boti za abiria zinapopita zitakutikisa hadi vikombe vishuke kabatini.) Kwa mtu wa mkuku anayetaka ukimya na anayejua kusubiri jua, Pemba haina mshindani Afrika Mashariki yote. Kosa ni kuviunganisha viwili kwa wikendi moja. Kati ya Nungwi na Pemba ni bahari wazi, mkondo mkali, hakuna pa kujificha. Ni njia hiyo meli ya abiria MV Spice Islander I ilipozama, imejaza kupita kiasi, Septemba 2011. Ukilazimika kusubiri hali ya hewa, subiri Kendwa, ambako maji hayakimbii pwani hata yakipwa, na utembee hadi Nungwi kuangalia mafundi wanavyochonga mataruma, mbavu za chombo.

Lamu au Kilifi

Kilifi ni mahali pa kuiacha boti. Lamu ni mahali pa kuipeleka.

Hori la Kilifi, mkono wa bahari ulioingia bara, ni refu na lina kina. Ukishavuka mlango wa mwamba unasahau kama nje kuna kusi. Mabaharia wa mbali wanaofika Afrika Mashariki huacha vyombo vyao humo kwa miezi, wakaenda bara kuona tembo. Kuna mafundi, kuna gari la kukufikisha Mombasa kwa muda mfupi, na daraja la tangu 1991 limechukua nafasi ya feri iliyokuwa ikivusha magari. Mwenye mlingoti mrefu aulize wenyeji urefu wa daraja kabla ya kupita chini yake, asiulize baada. Usiku usio na mwezi tia mkono majini: vidole vinatoka vinawaka cheche za kijani. Yote haya ni mazuri, na kwa siku ya tatu yamekwisha. Hori ni hori. Unakwenda juu, unarudi chini, unaangalia mikoko ya kushoto, kesho ya kulia.

Lamu haikwishi. Kwanza ni kwamba matanga huko si mchezo wa wenye pesa, ni kazi. Mashua hubisha ndani ya mlango mwembamba kati ya Shela na Manda, vijana wamening'inia nje kwenye ubao wa ubavuni ili kuuweka mlingoti wima, na nahodha wa miaka kumi na tisa anageuza tanga mita mbili kutoka gatini bila kuacha kuongea. Ukijiona baharia, kaa hapo alasiri moja. Utapungua kidogo, na ni vizuri. Matondoni bado wanaunda vyombo kwa mkono, na ni Lamu hiyo hiyo walikounda dau la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar.

Pili ni wingi wa njia. Una Takwa na magofu yake kisiwani Manda. Una mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, ambao chombo cha mkuku hupita maji yakiwa yamejaa tu. Una Pate, ambako mji wenyewe umezungukwa na maji mafupi, kwa hiyo watu hushukia Mtangawanda. Mwenye chombo kama changu anaishi kwa saa za maji kama muadhini anavyoishi kwa jua. Upande wa Manda Bay kuna bandari mpya, gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Meli kubwa haikupishi, wewe ndiye wa kupisha.

Kasoro za Lamu ni mbili, na si ndogo. Mlango wa Shela unatazama kusi, na Juni hadi Agosti mawimbi huvunjika pale mtu anapotamani kuingia. Na ukifika na kusi umefika: kurudi Kilifi ni kilomita 200 hivi dhidi ya upepo na mkondo. Wazee hawakuwa wavivu waliposubiri kaskazi, walijua hesabu. Nenda mwishoni mwa kusi, Septemba ukiwa na moyo au Oktoba ukiwa na akili, na upange kurudi Desemba au Januari. Usiku wa Kiwayu na Kiunga, kule mbele ya Pate kuelekea Somalia, ni suala la usalama, si la upepo; kabla ya kuvuka Pate zungumza na maafisa wa Lamu mjini, na wakikwambia rudi, rudi.

Kwa hiyo: wiki moja, Kilifi. Mwezi, Lamu. Mwenye wiki mbili namshauri apande basi au ndege hadi Lamu, aache boti yake Kilifi, akodi mashua na nahodha wake. Atajifunza zaidi, na hatagusa fungu hata moja kwa chombo chake.

Mafia au Kilwa

Kutoka Dar es Salaam kote kuwili ni kusini, kwa hiyo msimu hauna mjadala: kaskazi. Bahati nzuri ndio msimu ambao papa potwe wanaonekana nje ya Kilindoni, Oktoba hadi Machi hivi, wakubwa kuliko boti yako na hawana habari na wewe.

Mafia ina hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, ya 1995, na Ghuba ya Chole ndiyo moyo wake. Chini ya maji sijaona penye uhai zaidi. Juu ya maji ni mtihani: mlango wa Kinasi unapitisha maji yote ya ghuba yanayoingia na kutoka, na bamvua ikishuka ni mto. Ingia maji yanapokaribia kutulia, usibishane. Ndani sehemu kubwa hukauka, na ada za hifadhi unalipa kwa siku, kwa hiyo kusubiri upepo kuna gharama yake. Jibondo wanaunda majahazi, nenda.

Kilwa Masoko ni kinyume chake. Chini ya maji pa kawaida, lakini bandari ni ya asili, ina kina, imefungwa dhidi ya kila upepo. Unalala bila kuamka kuangalia nanga. Asubuhi unachukua kibali Masoko, unavuka hadi Kilwa Kisiwani, na unatembea ndani ya msikiti mkuu wa mji ambao Ibn Battuta aliufikia 1331. Kisha Songo Mnara, kwa njia ya mikoko, maji yakijaa. Mzamiaji achague Mafia. Mwenye nanga ya wasiwasi na mke anayependa historia achague Kilwa. Nimeandika kwa uzoefu.

Waliobaki

Wasini nimeiacha nyuma bila haki. Ukitoka Pemba na kusi, kwenda hadi Shimoni ndiyo safari tamu kuliko zote nilizotaja: upepo nyuma, mkondo nyuma, pomboo mbele. Hifadhi ya Kisite inasimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na maboya ya kufungia yapo ili usivunje matumbawe kwa nanga. Ila umevuka mpaka wa nchi. Gonga mihuri ya kutoka kwanza, na kumbuka kwamba Zanzibar nayo ina taratibu zake za bandari.

Mbudya na Bongoyo ni za Jumapili ya watu wa Dar. Nzuri, zimejaa, hazihitaji aya.

Na kama huna boti kabisa, usianzie kwenye lolote kati ya hayo. Njoo kwetu. Ushongo, kusini ya Pangani, utapata chombo na nahodha wa kukupeleka Maziwe, eneo tengefu tangu 1975, zamani kisiwa cha mivinje na leo mchanga mtupu unaochomoza maji yakipwa. Chagua siku ya bamvua. Muage mwenyeji wako saa moja asubuhi, dai jaketi okozi kwa kila kichwa kabla chombo hakijasukumwa, na saa tatu utakuwa umeshuka kwenye mchanga ambao alfajiri ulikuwa njia ya samaki. Saa nne maji yako chini kabisa. Saa saba nahodha atapiga mluzi. Usimwambie "bado kidogo": yeye anaangalia miguu yako, ambayo imeshaanza kulowa.